Shotigani ya kwanza ya kuwindia kwa bajeti ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dodoma na kanda ya kati

Haya ni maswali ambayo watu wa Chamwino, Bahi, Kondoa, Mpwapwa mpaka Manyoni huko wanauliza kila msimu ukikaribia, na mengi yanarudi yaleyale, kwaiyo nimeyaweka sehemu moja. Nimejibu kwa mtu anayeanza, mwenye hela ya kawaida, anayetaka kuwinda kihalali na kurudi nyumbani salama. Kama unatafuta bunduki ya kuonyeshea watu hapa hutapata kitu.

Shotigani inaweza kuwindia swala kweli au ni ya ndege tu?

Inaweza, ila ina mpaka, na mpaka wenyewe ni umbali. Watu wengi wanaangalia video za Wamarekani wakiangusha kulungu wa mkia mweupe kwa shotigani wanadhani ni hivyohivyo huku. Kule kuna sababu yake, majimbo kama Illinois na Ohio kwa miaka mingi yalizuia raifo za kawaida kwenye uwindaji wa kulungu kwa sababu nchi ni tambarare na watu wamejenga kila upande, risasi ya raifo ikikosa mnyama inaenda mbali sana, basi wakabaki na shotigani yenye risasi moja nzito, ile wanaita slagi. Kwaiyo ushauri mwingi utakaousoma uliandikwa kwa ajili ya huyo kulungu wao, mnyama wa kilo hamsini mpaka mia na kitu.

Huku kwetu huyo hayupo. Sisi tuna digidigi ambaye hata kilo saba ni shida kufika, tuna nsya, tuna swala pala wa kilo arobaini mpaka sabini hivi, tuna tandala mdogo anayependa vichaka, tuna ngiri, alafu kanga na kwale ndio usiseme. Na pori letu la miiba lina kitu kimoja kizuri kwa mwenye shotigani: huoni mbali. Kwenye vichaka vya upande wa Itigi au mabonde ya Mpwapwa mnyama unakutana naye hatua ishirini, thelathini, na hapo ndipo shotigani inafanya kazi yake. Ukienda kwenye mbuga ya wazi, mnyama yuko mita mia, we acha tu, hata kama anakuangalia usoni. Mtu anayepiga gololi (vile vidonge vidogo vilivyo ndani ya risasi ya shotigani) kwa mbali anajeruhi, na mnyama aliyejeruhiwa anaenda kufa porini siku mbili tatu baadae bila mtu kumla. Hilo ndio jambo linaloniuma kuliko yote kwenye huu mchezo.

Naanzia wapi, dukani au polisi?

Polisi. Yani kabla hujaangalia hata bei. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka uwe umefika miaka 25, uwe na akili timamu, usiwe na rekodi mbaya, na uwe umepata mafunzo ya kutumia silaha. Maombi yanaanzia chini kabisa, serikali ya mtaa au kijiji wanaokujua, yanapanda kwenye kamati za ulinzi na usalama, OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), mkoani, mpaka kwa msajili wa silaha. Utachukuliwa alama za vidole, utaulizwa unaitaka ya nini, utaulizwa utaihifadhi wapi. Inachukua muda, usikasirike, na usimpe mtu hela anayekwambia anakufupishia njia.

Watu wanakosea wapi? Wanalipia bunduki kwanza ndio waombe kibali, alafu kibali kikichelewa au kikikataliwa hela imeshakaa kwa muuzaji. Pata kibali kwanza, ndio uende kuchagua.

Nikiwa na leseni ya bunduki si naruhusiwa kuwinda?

Hapana kaka, hivyo ni vitu viwili. Leseni ya polisi inakuruhusu kumiliki silaha. Kuwinda kuko chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, unahitaji leseni ya uwindaji wa wenyeji inayotaja mnyama gani, wangapi, eneo gani na kwa muda gani. Nenda kwa afisa wanyamapori wa halmashauri yako au ofisi ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) uulize nafasi zipo, msimu unafunguliwa lini (kwa kawaida ni kuanzia Julai), na mnyama unayemtaka anaruhusiwa kupigwa na silaha ya aina gani. Hili la mwisho ni muhimu kwa mnunuzi wa shotigani! Usije ukanunua bunduki ya mtutu laini (usio na mifereji ndani kama wa raifo, yani shotigani) ukitaka tandala alafu unaambiwa kwa huyo lazima raifo. Uliza kwanza, shotigani ya bei nafuu isiyoruhusiwa kwa mnyama wako sio bei nafuu tena.

Mapori ya akiba kama Swagaswaga, Mkungunero, Muhesi na Kizigo usiingie kwa mazoea eti ni karibu na kwenu. Usiku hakuna kuwinda, kummulika mnyama na taa hakuna, kupiga ukiwa kwenye gari hakuna. Na nyama bila karatasi ni nyara za serikali, ukikutwa nayo hata kilo mbili kwenye sufuria una kesi. Kuuza nako kuna kibali chake peke yake.

Geji 12, geji 20 au .410?

Kwa mtu wa Dodoma anayeanza mi nasema 12, na sababu yangu kubwa wala sio nguvu, ni risasi. Risasi za geji 12 ndizo zinazopatikana. Geji 20 ni nzuri, nyepesi, haipigi bega sana, lakini utakuja kuzunguka Dodoma nzima unatafuta pakiti moja ya namba 5 (namba ni ukubwa wa gololi, ikipanda gololi zinakuwa ndogo) na ukiipata bei imeshachangamka. Bunduki isiyo na risasi inakaa kabatini tu.

Namba ya geji inatokana na hesabu ya zamani, ukichukua ratili moja ya madini ya risasi ukaigawa kwenye vigololi 12 vinavyolingana, kimoja kinaingia kwenye mtutu wa geji 12, ndio maana 20 ni mtutu mwembamba zaidi. Mtutu wa 12 ni kama milimita 18.5, wa 20 ni kama 15.6. Ile .410 ni nyembamba kupita zote na watu wanawapa wanaoanza wakidhani ni rahisi, kumbe gololi zake ni chache sana, inataka mpigaji mzoefu. Kwa swala usiifikirie kabisa.

Kuna hatari moja lazima niiseme hapahapa. Kama nyumbani kuna geji 12 na geji 20, risasi zake zisikae sehemu moja HATA SIKU MOJA. Risasi ya 20 ukiitumbukiza kwenye mtutu wa 12 inateleza inakwama mbele, we ukitazama unaona chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa) iko wazi, unaweka ya 12, unafyatua, na mtutu unapasuka mkono wako wa kushoto ukiwa palepale. Ndio maana viwanda vingi vinapaka risasi za geji 20 rangi ya njano.

Mtutu mmoja, mitutu miwili, pampu au ya kujijaza yenyewe, ipi inafaa kuanzia?

Mtutu mmoja wa kukunja ndio bei ya chini kabisa na ndio rahisi kuitunza. Unaikunja, unaona ndani kama kuna risasi au hamna, kila mtu aliye pembeni anaona pia. Ile ya Kirusi ya Baikal, MP-18, watu wanaipenda sababu haina makorokoro na inavumilia shida. Ubaya ni kwamba una nafasi moja, na mtutu mmoja mwepesi unarudisha bega vizuri tu ukipiga risasi nzito.

Mitutu miwili ya kulala sambamba, zile kama IZH-43 au MP-43, hii ndio chaguo langu kwa mtu anayeweza kuongeza kidogo. Una choki (mbano wa mdomo wa mtutu unaoamua gololi zitawanyike kiasi gani) mbili tofauti, mtutu mmoja umeuwekea gololi ndogo za kanga na mwingine kitu kizito, na nafasi ya pili iko tayari bila kuvuta chochote. Ya mtumba iliyotunzwa inakushinda mpya ya ovyo.

Pampu, ile unayovuta na kusukuma kipande cha mbele ili kuingiza risasi nyingine, ni nzuri, Mossberg 500, Maverick 88 ambayo ni ndugu yake wa bei ya chini, Remington 870 iliyoanza kutengenezwa miaka ya hamsini na bado watu wanaigombania. Hapa Tanzania wengi wameizoea mikononi mwa walinzi. Ila kwa anayeanza porini ina tabia moja mbaya, ukishatoa risasi moja ukavuta na kusukuma, kuna nyingine chemba na huioni. Nimeona watu wanapanda kwenye gari na pampu wakiapa iko tupu. Kama utaichukua pampu basi jifunze kuhakikisha kwa macho na kwa kidole kila mara, tena kila mara bila kuchoka.

Ya kujijaza yenyewe achana nayo kwa sasa. Bei iko juu, vumbi la Dodoma la mwezi wa nane haliipendi, inachagua risasi, na kwenye maombi yako utaulizwa maswali zaidi.

Mbona mtandaoni naona Maverick 88 chini ya dola 300 alafu hapa bei ni nyingine kabisa?

Kwa sababu ile ni bei ya duka la Marekani. Kufika hapa kuna usafirishaji wa silaha ambao sio kama wa simu, kuna vibali, ushuru, VAT asilimia 18, na faida ya muuzaji. Usipange bajeti kwa bei ya nje. Panga hivi: hela yako yote igawe, sehemu kubwa bunduki, lakini bakiza ya kabati la chuma la kufungia ukutani, ya mafunzo na leseni, na ya risasi za kutosha mazoezi. Mtu anayemaliza hela yote kwenye bunduki anaingia porini hajawahi kupiga hata karatasi, na anaenda kujifunzia kwenye mwili wa mnyama. Mi huyo namshauri anunue bunduki ya bei ya chini zaidi.

Ya mtumba naikaguaje?

Nenda na fundi wa silaha au mwindaji mzee anayezijua, huo ndio ushauri wa kwanza. Alafu hakikisha haina risasi, ikunje, itoe mtutu, tazama ndani ukielekeza kwenye mwanga. Unataka kuona unang'aa kama kioo. Ukiona pete nyeusi kama mviringo ndani, au ukipitisha vidole nje ya mtutu ukasikia kauvimbe, iache, hapo kulishawahi kukwama kitu ikapigwa. Vidoadoa vichache vya kutu mbele vinavumilika, ndani ya chemba havivumiliki.

Kisha toa kile kipande cha mbao cha mbele, funga bunduki, shika kitako utikise. Ikicheza kwenye bawaba, imechoka, na kuikaza ni gharama. Angalia mbao ya shingo pale unaposhika, ufa mdogo leo ni kitako kilichovunjika mwezi ujao. Jaribu sefti (kizuizi cha kutofyatuka) na kilimi (triga), na ukitaka kuifyatua tupu omba ruhusa na tumia risasi za mazoezi za plastiki ili usivunje pini.

Soma maandishi kwenye mtutu. Kuna bunduki nzee za Kiingereza zilizobaki kwa familia, chemba yake ni milimita 65, na risasi za kisasa nyingi ni 70, nyingine 76. Risasi inaweza kuingia vizuri tu ikiwa haijapigwa, ila ikifyatuliwa mdomo wake unafunguka hauna pa kwenda na presha inapanda. Kama ni chemba ya 70 piga 70, basi. Na kama mtutu una michoro kama mawimbi ya maji kwenye chuma, ule ni mtutu wa kusokotwa wa zamani, uwekee heshima ukutani usiupige.

La mwisho, namba ya bunduki ilingane na namba kwenye karatasi za mwenye nayo, tarakimu kwa tarakimu. Haifanani, ondoka.

Marehemu baba aliacha shotigani, si ndio bei nafuu kuliko zote?

Inaweza kuwa, ila leseni ilikuwa ya baba, haikuachwa pamoja na bunduki. Familia itoe taarifa polisi na kuikabidhi mapema, alafu wewe uombe umilikishwe kwa jina lako kwa njia ileile ya kila mtu. Ukiendelea kuilaza chini ya kitanda eti ni urithi, kisheria una silaha usiyo na leseni nayo. Pole kwa msiba lakini hili lisisubiri arobaini ipite.

Na gobore? Kuna fundi kijijini anatengeneza kwa bei ya mbuzi wawili

Hapana. Bomba la maji sio mtutu, na baruti ya kukisia ni kucheza na macho yako. Hata kama ingekuwa salama, haijasajiliwa. Kama unayo nyumbani, serikali imekuwa ikitoa vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, tumia hiyo nafasi kupitia mwenyekiti wako au kituo cha polisi. Wazee wa Kisandawe kule Kwa Mtoro na Farkwa waliwinda kwa upinde na walijua kumsogelea mnyama kuliko yeyote mwenye gobore leo, kwaiyo nisiambiwe gobore ndio asili yetu.

Nitumie risasi gani kwa mnyama gani?

Kwa kanga, namba 4 au 5, kwa kwale 6 inatosha. Kwa digidigi na sungura watu wanatumia gololi za kati, BB au hiyo namba 4 kwa karibu, hatua ishirini na tano isizidi. Ukimpiga digidigi na gololi kubwa sana zinapita nafasi kwa nafasi, mbili zinamgusa tumboni na anaondoka.

Gololi kubwa, zile zimeandikwa SSG au 00 kwenye pakiti, ni za mnyama mkubwa kiasi akiwa karibu. Risasi ya kawaida ya 00 ina gololi tisa za milimita 8.4, tisa tu! Hatua ishirini zinakaa pamoja, hatua arobaini zimeshatawanyika na ni bahati nasibu.

Slagi ni kipande kimoja cha risasi, ya kawaida gramu 28, kinatoka na mwendo wa kama mita 480 kwa sekunde. Kwenye mtutu laini wenye kitone tu cha kulengea, mita hamsini ndio mwisho wangu wa kukushauri, na kama leseni yako inaruhusu silaha hiyo kwa swala pala basi ndio chaguo sahihi kuliko gololi. Usiipitishe kwenye choki iliyobana sana. Choki ya wazi au ya robo ndio yake.

Kumbuka inapoenda ukikosa. Namba 6 inaweza kufika mita 200 na zaidi, gololi za 00 zinapita mita 600, slagi inavuka kilometa. Nyuma ya mnyama wako Bahi kuna mchunga ng'ombe, mara nyingi ni mtoto, amekaa kivulini chini ya mbuyu na humuoni. Kama huoni kinachopokea risasi nyuma ya mnyama, usipige.

Nitajuaje bunduki inanitosha?

Hakikisha iko tupu, elekeza sehemu salama, funga macho, ipandishe begani kama unavyopiga, alafu fungua macho. Kama kile kitone cha mbele kiko moja kwa moja mbele ya jicho bila kuinua au kushusha shingo, inakutosha. Kitako kikiwa kirefu kinakwama kwenye nguo kwapani, kikiwa kifupi dole gumba linakuja kukupiga pua. Kina dada wengi na vijana wembamba wanauziwa bunduki iliyokatwa kwa mwanaume wa mita 1.85, alafu wakiumia bega wanaambiwa hawana nguvu. Sio nguvu, ni kitako! Fundi anaweza kukipunguza sentimita mbili na kuweka mpira, gharama ndogo.

Mazoezi ya kutosha ni yapi kabla ya kwenda porini?

Nenda kwenye uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, sio nyuma ya nyumba na sio shambani kwa shemeji. Bandika karatasi kubwa, chora duara la sentimita 75, rudi hatua thelathini, piga risasi zilezile utakazowindia. Hesabu matundu na uangalie mapengo. Badilisha aina ya risasi, rudia. Bunduki mbili za kiwanda kimoja hazitawanyi sawa, kwaiyo usikubali kuambiwa na mtu "hiyo inafika arobaini". Umbali ambao gololi zako zinaanza kuacha pengo la kutosha mnyama kupita ndio umbali wako wewe, uupime kwa hatua zako na ukauzoee macho.

Naitunzaje na hili vumbi?

Mafuta kidogo. Watu wanaimwagia mafuta kama cherehani, vumbi linaganda, inakuwa msasa ndani ya bawaba. Futa, pitisha kitambaa ndani ya mtutu, paka tone, futa tena. Masika ukitoka Hombolo au kwenye majaruba ya Bahi ikausheni kabisa kabla ya kuifungia. Kabla ya kupakia risasi chungulia mtutu, tope au kijiti mbele kinatosha kuupasua. Nyumbani ikae tupu kwenye kabati lililofungwa, risasi sehemu nyingine, na funguo mtoto asijue ziko wapi. Ikipotea au kuibiwa, polisi siku hiyohiyo.

Nimempiga ameondoka, nifanye nini?

Simama. Pakia tena, weka sefti, kumbuka kwa macho alipokuwa amesimama na kichaka cha mwisho alichopitia, alafu subiri kama nusu saa kabla ya kumfuata, maana ukimkimbiza anapata nguvu ya woga anaenda mbali. Ukifika pale tafuta damu na manyoya. Damu nyekundu yenye povu ni mapafu, hayuko mbali. Ya kijani yenye harufu ni tumbo, huyo mpe muda zaidi, saa kadhaa, na mfuate polepole ukiweka alama ya jani au karatasi kila unapoona tone. Mwenzako mmoja aangalie chini, mwingine aangalie mbele, bunduki iwe ya huyo wa mbele tu. Giza likiwakuta rudini, asubuhi mwanga ukitoka mnaanza kwenye alama ya mwisho, na mpaka mmalize kumtafuta huyo hakuna kupiga mwingine.